Maji ya Bwana Mwani

Sehemu ya sita

Kwa wewe unayenikuta leo kwa mara ya kwanza, mimi ni fundi makochi, na ninaumwa ugonjwa usiopimwa hospitalini. Wivu. Sijauficha tangu nilipoanza kusimulia mkasa huu, na leo siwezi kuuficha hata nikitaka.

Wale wa tangu mwanzo wanakumbuka nilipoishia. Nilimfuata mke wangu nyuma nyuma mpaka kwenye banda la mtu mmoja, nikachungulia dirishani nikitegemea kuona aibu ya dunia, nikamwona anapokea mfuko wa plastiki wenye majani ya kijani yanayochuruzika maji. Mwani. Mke wangu aliponiona hakupiga kelele. Alinipa mfuko niubebe, tukarudi nyumbani bila kusemezana.

Mtu wa banda lile ndiye ninayemwita Bwana Mwani. Jina lake analo, ila mdomoni mwangu haliingii.

Sebuleni kwetu kuna tangi la kioo lenye matumbawe hai. Si mawe ya pambo yale. Ni viumbe, vinakula, vinakua, taa ikiwaka vinachanua na ikizimwa vinajikunja. Mengine ya kijani, mengine ya zambarau, mengine yana vidole vinavyopunga punga. Kuna kombe, chaza mkubwa mwenye midomo ya buluu, kuna konokono wanaopangusa vioo, na kuna samaki wawili wa rangi ya chungwa, mke na mume, ambao hawana kazi nyingine ila kunitazama.

Nilimwoa mke wangu na tangi lake. Lilinitangulia. Enzi za kubembelezana nilimtengenezea kabati la kulikalisha, mbao ngumu tupu, nikajiona na mimi nimeweka mkono wangu pale.

Watu wengi wenye matangi ya namna hii hutoa maji kila wiki wakatia mapya, kwa sababu mabaki ya chakula na kinyesi cha samaki huyachafua. Mke wangu habadilishi. Hajawahi. Ndani ya lile kabati langu kuna tangi jingine dogo lenye mwani na taa yake, na pampu huzungusha maji kutoka juu kwenda chini na kurudi. Mwani unakula uchafu, unanenepa, naye anauvuna kwa konzi na kuutupa. Uchafu umetoka, maji yamebaki. Madini ambayo matumbawe yanayanyonya huyarudisha kwa matone, akiyapima kwa bomba la sindano kama anavyowapimia watu dawa dukani, maana ndiyo kazi yake, muuza dawa.

Usione vyaelea, vimeundwa. Hakuna mgeni aliyeingia kwetu asilisifu tangi lile.

Shida yangu ilikuwa moja. Maji yale ya kwanza, ambayo hayajabadilishwa, yalitoka kwenye tangi la Bwana Mwani. Yeye ndiye aliyemletea, kabla mimi sijajulikana. Kwa hiyo kila nikikaa kwenye kochi nililolishona kwa mikono yangu, sebuleni kwangu, natazamana na maji ya mwanamume mwingine. Na wageni wanayasifu.

Niseme wazi ili usihangaike kunitafutia sababu. Naogopa mke wangu ataniacha. Hofu ndiyo hiyo hiyo moja, na yote mtakayoyasoma leo nimeyafanya nikiwa nayo tumboni.

Basi asubuhi moja ilikuja simu kwamba mama mkwe ameteleza bafuni na ameumia nyonga. Mke wangu akafunga begi. Nikasema twende wote, nikamwinue mama na mimi. Akakataa kwa upole, akasema mama anataka mtu wa kumwogesha, na mtu huyo hawezi kuwa mkwewe. Hapo sikubisha. Mama mkwe simwonei wivu. Kila ugonjwa una mpaka wake.

Alinisimamisha mbele ya kabati akanionyesha mstari aliouchora kwenye kioo cha lile tangi dogo la chini. Maji hupungua kwa joto la taa, akasema. Yakishuka chini ya mstari, ongeza kutoka dumu la buluu mpaka yafike. Matone yana kipampu chake, yanadondoka yenyewe. Samaki niwape chakula kidogo.

"Na maji usibadilishe," akasema. "Hata ukiona nini. Ukiona jambo usilolielewa, mpigie simu."

Hakumtaja ni nani. Hakuwa na haja.

"Nimeelewa," nikasema.

"Umeelewa, au umekubali?"

Nikamwambia yote mawili. Njia ya mwongo ni fupi, lakini siku ile niliiona ndefu na imenyooka.

Dumu la buluu lilikaa nyuma ya mlango wa jikoni. Nililijua vizuri. Bwana Mwani ana mtambo wa kuchujia maji, na ndiye anayelijaza na kulipandisha begani mpaka ghorofani kwetu, mimi nikiwa chini karakanani nimeuma misumari midomoni. Nikisikia hatua zake kwenye ngazi, nyundo yangu hukosa msumari.

Maji yaliposhuka chini ya mstari nililiendea dumu lile. Nililifungua. Halafu kitu kikaniambia, hebu onja.

Nikaonja. Hayakuwa na chumvi hata ya dawa.

Nilikaa kwenye kigoda cha jikoni nikafikiri, na nilipofikiri ndipo nilipoharibu. Samaki hawa ni wa baharini. Matumbawe ni ya baharini. Maji ya bahari yana chumvi, mtoto mdogo anajua. Huyu bwana anamletea mke wangu maji matupu ayatie humu, kwa nini? Jibu nililipata upesi, kwa sababu nilikuwa nalo tayari kabla ya swali. Anataka matumbawe yadhoofike kidogo kidogo, ili mke wangu asiache kumwita.

Nilijiona mwerevu kuliko watu wote wa mtaa ule.

Nikalibeba dumu mpaka bafuni nikalimwaga lote. Mke wangu ana ndoo ya chumvi ya tangi, huiweka kwa dharura. Nikaifungua, nikachota maji ya bomba, nikakoroga na mwiko, nikaonja, nikaongeza konzi moja, nikaonja tena, kama mtu anayepika mchuzi. Nikayatia. Maji yakafika kwenye mstari.

Yakashuka, nikayatia tena. Yakashuka, nikayatia. Kila mara nilisimama mbele ya kioo nimeshika kiuno, nikawaambia wale samaki wawili kwamba sasa wanakula kwa mwenye nyumba.

Nililokuwa silijui nitalisema sasa, ijapokuwa siku zile ungeniambia ningekubishia. Maji yanapopungua kwa joto, yanayopanda hewani ni maji peke yake. Chumvi haipandi. Inabaki pale pale ndani ya tangi. Ukiyarudisha maji matupu, mambo yanakuwa sawa na jana. Ukirudisha ya chumvi, umeongeza chumvi juu ya chumvi, na ukifanya hivyo kila siku unawachemshia viumbe wa watu supu.

Matumbawe ya vidole ndiyo yaliyotangulia. Yaliacha kupunga. Kisha yale ya kijani yakajikunja mchana kweupe, taa inawaka. Konokono mmoja akaanguka kutoka kwenye kioo akalala chali, nikamgeuza, akalala tena.

Mke wangu alikuwa akipiga simu kila jioni. Nilikuwa namwambia hawajambo, wanakusalimu. Akaomba picha, nikasema kamera ya simu imegoma. Akaniuliza konokono wangapi wako kwenye kioo, nikamwambia wote, hawana hata nafasi ya kupishana. Ndipo akauliza kuhusu kombe, kama amefungua midomo.

"Amefungua mpaka masikioni," nikasema, nikitaka kumfurahisha.

Akaniaga upesi. Baadaye ndipo nilipoambiwa kwamba kombe mzima hufungua kiasi, na anayejiachia wazi namna ile anakaribia kufa. Mimi nilidhani anacheka.

Sasa nifike penye aibu yenyewe.

Niliishika simu nimpigie Bwana Mwani. Nambari yake ninayo. Mume mwenye wivu hakosi nambari ya mtu. Niliitazama mpaka kioo cha simu kikazima chenyewe. Nilijua atakavyosema. Atasema "shemeji" kwa ile sauti yake ya chini, ataingia na kuvua viatu mlangoni, atalitengeneza, na mke wangu akirudi atakuta tangi lake limeokolewa na yule yule.

Nikaweka simu chini. Nikajiambia, haya maji yamechoka. Maji gani yasiyobadilishwa miaka nenda miaka rudi? Hata chai ya jana hainyweki.

Nikaleta mpira wa kuvutia maji, ncha moja ndani ya tangi, nyingine kwenye ndoo. Nikayavuta. Ndoo ikijaa naibeba chooni, naimwaga, nasikia inavyokwenda, narudi na nyingine. Nikaondoa nusu ya tangi. Nataka niseme nilifanya hivyo kwa kuwahurumia viumbe. Sikuwahurumia. Nilikuwa namfukuza mtu nyumbani kwangu, ndoo kwa ndoo, na nilipiga mluzi.

Kisha nikakoroga chumvi yangu, maji ya bomba na mwiko, nikajaza.

Msomaji wangu, nilijipalia makaa. Kesho yake mwani wa tangi la chini ulikuwa umeyeyuka, umekuwa uji mweupe unaonuka. Uchafu uliokuwa unaliwa sasa ulikuwa unaelea. Matumbawe yalitoa utelezi kama kamasi. Wale konokono wote walikuwa chini. Samaki mume alikuwa juu ya maji akitweta, na samaki mke amejificha kwenye pembe, hanitazami tena.

Simu yangu ikaita, mke wangu ndiye anapiga. Sikupokea. Ikaita tena, nikaifunika kwa mto wa kochi nikashuka karakanani. Kulikuwa na kiti cha mteja cha kuvalishwa kitambaa. Nilikivalisha kinyumenyume, nikakivua, nikakivalisha tena, nyundo ikinifunika masikio. Mchana ulipofika nilipanda juu nikanywe maji.

Mlango wa nyumba yangu ulikuwa wazi.

Mlangoni palikuwa na viatu vya kiume. Havikuwa vyangu.

Bwana Mwani alikuwa amesimama katikati ya sebule, soksi miguuni, konokono mmoja kiganjani. Na kwenye mkono wa pili, ambao ndio niliouona kwanza, alikuwa na ufunguo.

Nimewahi kuandika humu kwamba nilipochungulia lile dirisha la banda nilidhani moyo utasimama. Nilikuwa natania. Siku hii ndiyo ulisimama. Ufunguo wa nyumba yangu, umeingia kwenye kitasa nilichokifunga mwenyewe, mkononi mwa mtu yule, tena ukiwa na uzi mwekundu ambao mke wangu hufungia vitu vyake asivichanganye na vyangu.

"Umeupata wapi?"

"Alinipa yeye, shemeji. Alisema niutumie siku akikukosa kwenye simu tu. Leo asubuhi amekukosa mara mbili."

"Amekupa lini?"

"Siku anaondoka, kabla hajakuaga."

Yaani aliponisimamisha mbele ya kabati na kuniuliza kama nimekubali, ufunguo ulikuwa tayari umeshatoka. Niliona wivu mpaka nikahisi ladha yake mdomoni, chungu kama gundi ya makochi. Nilitaka kumshika shati nimshushe ngazi zote. Nilipiga hatua mbili.

Yeye hakurudi nyuma. Alinionyesha konokono.

"Maji haya umeyafanya nini?"

"Sijayafanya kitu."

Hakubishana nami. Alitoa mfukoni kile kioo chake cha kupimia chumvi, akadondosha tone moja la maji, akakielekeza dirishani akachungulia. Alichungulia mara mbili. Kisha akanipa nami nichungulie, na ingawa sikujua kusoma vile vistari, niliona rangi imepanda mpaka mahali ambapo hapakuwa tena na vistari.

Nikakaa kwenye kochi. Nikamwambia. Dumu, mwiko, mpira, ndoo, choo. Mambo mengine niliyameza, kama ule mluzi. Alinisikiliza bila kunikatiza, na hilo nalo lilinichoma, kwa sababu mimi mtu akiniharibia kiti kimoja huwa simwachi amalize sentensi.

Nilimwuliza kama watapona. Alisema baadhi. Maji yaliyopanda chumvi hayashushwi kwa pupa, akasema, yakishuka ghafla yanaua wale waliobaki. Yanatolewa kidogo, yanatiwa matupu kidogo, unangoja, unapima, unarudia. Mwani mpya anao bandani. Kuhusu kombe alikuwa hajui. Alikuja na dumu lingine. Nililiona sasa, pembeni ya mlango, buluu vile vile.

Ndipo nilipomwomba. Maji yalikuwa yamenifika shingoni, na heshima haielei.

"Usimwambie mke wangu."

Alinitazama.

"Nitafanya utakalo," nikasema. "Makochi ya bandani kwako nitayashona bure. Lakini asijue kwamba uliingia, asijue nilifanya nini. Mwambie ulipita ukakuta mlango umefungwa kwa ndani na taa inawaka, basi."

"Mimi sijawahi kumdanganya."

Jibu hilo lingeniudhi siku nyingine. Siku ile nilisema tafadhali. Nilisema mara ya pili. Mwishowe akapandisha mabega, akakunja mikono ya shati, akapiga magoti mbele ya kabati langu akaanza kazi. Mimi nikawa namshikia ndoo. Nikaambiwa mimina taratibu, nikamimina taratibu. Nikaambiwa acha, nikaacha. Kwa muda tulikuwa kama mafundi wawili wa karakana moja, na kama angekuwa mtu mwingine yeyote ningempenda.

Simu yake ikaita juu ya meza. Mikono yake ilikuwa ndani ya maji mpaka viwiko. Mimi ndiye niliyekuwa karibu, na jina lililotokea kwenye kioo lilikuwa la mke wangu, limeandikwa bila "dada", bila "shemeji", bila kitu.

"Nipokelee, uniwekee sikioni," akasema.

Sikumwekea sikioni. Niliminya kile kidude cha spika, nikaiweka simu katikati yetu. Hapo sina wa kumsingizia. Nilitaka kusikia wanavyozungumza nikiwa sipo.

"Umeingia?" sauti ya mke wangu ikajaa sebuleni.

"Nimeingia."

"Umemkuta?"

Bwana Mwani akaniangalia. Nikatikisa kichwa, nikaweka kidole midomoni, nikamsihi kwa macho.

"Hayupo," akasema.

"Afadhali," akasema mke wangu.

Neno hilo moja lilinipita kama sindano ya kushonea ngozi. Nilijizuia nisitoe pumzi.

"Basi nisikilize kabla hajarudi. Mama anaendelea vizuri, dada yangu amefika kunipokea zamu. Wale watu wa makumbusho, waambie nimekubali. Nitakwenda."

"Umeshamwambia mumeo?"

"Bado."

"Utamwambia lini?"

Nyuma yake nilisikia injini, na mtu anataja bei ya karanga.

"Nataka twende naye," akasema. "Makochi yapo kila mji. Nimelala mara nyingi nikiwaza atakavyopenda karakana mpya. Lakini nimechoka kufuatwa nyuma. Nikienda dukani nafuatwa, nikienda kwako nafuatwa, nikisema neno linapimwa. Nimemwachia tangi, na nimemwomba jambo moja tu, asibadilishe maji. Nikilikuta kama nilivyoliacha, nitamwambia tufunge mizigo. Nikilikuta amelichezea kwa sababu yako, nitajua hata huko atanifuata hivyo hivyo. Sitagombana naye. Nitakwenda peke yangu."

Ndoo ilikuwa mikononi mwangu. Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwenye ile simu, na mke wangu alikuwa akisema mambo ambayo nimengoja miezi kuyasikia, kwamba ananitaka, kwamba amelala akiniwazia, na mimi siwezi kufungua mdomo kwa sababu nimejiandikia mwenyewe kwamba sipo.

"Lipoje?" akauliza. "Niambie kweli."

Bwana Mwani alitazama kombe. Akatazama samaki mume anayetweta juu ya maji.

"Linaendelea," akasema.

"Niko njiani tayari. Jioni nitakuwa nyumbani. Usimwambie, nataka nimkute alivyo."

Akakata.

Nilimwuliza ni makumbusho gani. Akanieleza huku ametazama chini, mikono ingali ndani ya maji. Jumba kubwa, mji mwingine, wanajenga tangi la matumbawe refu kuliko sebule hii na ile ya jirani zikiunganishwa. Wanataka liendeshwe bila kubadilisha maji, kama hili. Bwana Mwani mwenyewe ndiye aliyewatajia mke wangu kwa kazi hiyo.

"Wewe mbona hukuichukua mwenyewe?"

"Tangi kama lile halitaki mtu mmoja. Wanataka wawili. Mmoja wa kupima, mmoja wa kazi za mikono, mabomba, makabati, kubeba. Yeye aliwaambia mtu wa pili anaye nyumbani kwake."

Mtu wa pili. Ndiye mimi.

"Na nisipokwenda?"

"Wakikosa wa pili, wataniita mimi. Nimeshaulizwa. Nimewaambia wangoje."

Alitoa mikono ndani ya tangi. Alijifuta kwenye suruali, taratibu, kidole kwa kidole. Jua la mchana lilikuwa limefika kwenye kioo na kila kilichokufa humo kilionekana vizuri.

Nikamwuliza swali ambalo nimemwuliza mke wangu kila wiki tangu tuoane, kwa hila, kwa kelele, kwa kununa. Yeye nilimwuliza kwa sauti ya kawaida.

"Unampenda?"

Nilitegemea akane. Nilikuwa nimemwandalia mpaka matusi ya kumjibu akikana.

"Ndiyo, shemeji," akasema. "Tangu kabla yako. Sijawahi kumwambia, na yeye hajui."

Ndiyo hivyo. Nilikuwa sahihi juu ya mwanamume na nimekosea juu ya mke wangu, na niligundua yote mawili nimeshika ndoo ya maji.

Alisimama. Dumu la buluu lilikuwa katikati yetu, limebaki zaidi ya nusu. Aliliinua, akalikalisha kwenye ukingo wa kabati langu, mkono mmoja kwenye kifuniko. Hakulifungua.

"Kazi hii nikiiacha sasa hivi, mpaka jioni humu hakuna kitakachobaki," akasema. "Nikiendelea, huenda akaingia asijue. Mimi nimechoka kujiamulia, nimejiamulia miaka yote. Leo niambie wewe. Niendelee?"

Jioni aliyoitaja ilikuwa bado mbali, lakini chini barabarani gari lilisimama, mlango ukafunguliwa, na nikasikia sauti ya mke wangu ikimwomba dereva amshushie begi.